Dakika Mbili za Mzee Machogu

Bosibori alikuwa mtu asiyekaa. Ukimpa kigoda, anakalia ukingoni. Ukimpa chai, anainywa akiwa amesimama mlangoni, jicho liko nje. Na tangu Januari ya mwaka huo wa 1974 alikuwa amezidi. Januari ndipo alipokwenda Kisii mjini, uwanjani, wanawake walipokuwa wakiandikwa kazi ya askari jela, akakimbia mizunguko sita pamoja na wenzake thelathini, akatoka wa kumi na moja. Walichukuliwa watano. Wakubwa wakasema watarudi Agosti. Basi akarudi kwake Manga na hiyo Agosti kichwani, asilale vizuri, asile vizuri, asiongee na mtu dakika tano bila kuitaja.

Kazi hiyo aliitaka kwa roho yake yote, na sababu yake haikuwa siri. Alipokuwa shuleni, hakuna msichana wa Manga wala wa Ekerenyo aliyewahi kuuona uso wake katika mbio. Walichokiona ni mgongo. Halafu akaolewa, akamzaa Nyangate, akaingia katika majani chai na kuni na maji, na siku moja akipanda kutoka kituo cha kuuzia majani, kikapu kitupu kabisa mgongoni, pumzi ikamkata. Kikapu kitupu, jamani! Na miaka yake ishirini na mitatu! Alikaa kando ya njia akashika mbavu, wakampita wanawake wenye umri wa mama yake, wamebeba kuni, wanacheka habari zao. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akachukia kukaa.

Mumewe Momanyi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayependa mambo yaishe, alimpa ruhusa ya mara moja tu.

"Agosti nenda," alimwambia. "Ukikosa, mama Nyangate, basi. Sitaki tena kusikia habari ya mbio katika nyumba hii. Walimu wenzangu wananiuliza kama nimeoa mke au nimeoa swala."

"Wakikuuliza tena waambie swala," Bosibori akajibu, na kwa kweli hakuwa anatania.

Ilikuwa hivyo basi: Agosti, au mlango ufungwe.

Akajipangia. Kila asubuhi isipokuwa Sabato, kukipambazuka tu, alimpeleka mtoto kwa jirani yake Drusilla, akavaa kaptula kuukuu ya Momanyi na raba zilizotoboka kwenye kidole gumba, juu yake akajifunga leso ili watu wasipate la kusema, akashuka mpaka darajani. Hapo aliifungua leso, akajifunga kiunoni kama mkanda, akatazama saa ya mkononi aliyoiazima kwa Momanyi, kisha akaukabili mlima. Njia ilipanda kati ya mashamba ya chai na migomba, ikafika kona yenye ua mrefu wa michongoma, halafu kutoka hapo ikazidi ukali mpaka juu kabisa kanisani. Wewe unayesoma umekaa, usicheke. Mlima ule hata mbuzi wanaupanda kwa kituo.

Alitaka kuumaliza kwa dakika kumi na mbili. Hiyo namba alijiwekea mwenyewe, hakupewa na mtu. Siku ya kwanza alitumia ishirini na moja, na juu ya hayo akatapika.

Miguu haikuwa shida. Miguu alikuwa nayo. Shida ilikuwa ile sauti. Kila alipokaribia nusu ya mlima, sauti ilianza ndani yake, tena kwa upole wa jirani mwema: mama Nyangate, umechoka, si upumzike kidogo? Nani anakuona? Naye aliijibu kwa mdomo, peke yake njiani, akihema: "Nyamaza! Nani amekuuliza?" Wachuma chai waliomsikia walidhani anagombana na Momanyi, wakaenda kuuliza sokoni kama mwalimu siku hizi anamfuata mkewe mpaka mashambani. Wiki ya kwanza sauti ilimshinda kila siku. Wiki ya pili akaishinda mara mbili. Kufikia Machi alikuwa akiishinda siku nne kati ya sita, na hapo akaanza kujiona mtu.

Ila alikuwapo Mzee Machogu.

Mzee Machogu alikuwa baba yake Momanyi. Boma lake lilikuwa juu, karibu na kanisa, na ng'ombe wake walikuwa bondeni, upande wa mto. Kila asubuhi alishuka kuwaangalia, na fimbo yake, koti lake jeusi na kikohozi chake ambacho ungekisikia kabla hujamwona. Yeye akishuka, Bosibori akipanda, walikuwa wanakutana pale pale kwenye kona ya michongoma, kana kwamba wamepeana miadi.

Sasa mke wa mwana hamkabili baba mkwe wake vivi hivi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima iliyo kati ya wakwe, na kwa Wakisii haichezewi. Hata ukiwa umevaa vizuri unampisha njiani. Je, ukiwa umevaa kaptula, mapaja nje, jasho linakutiririka mpaka kwenye kisigino? Bosibori aliposikia kikohozi aliruka nje ya njia, akafungua leso kiunoni, akajizungushia mpaka chini, akampa mzee mgongo, akatazama ua, macho chini, mpaka hatua zipite na kupotea. Mzee naye alipita kama hajaona mtu. Hakuna salamu, hakuna "umelalaje". Kila mmoja alikuwa amemstahi mwenzake. Halafu Bosibori anafunga tena leso kiunoni na kuendelea.

Ilichukua dakika mbili. Alizipima.

Dakika mbili hizo zilimuuma kweli. Mtu umepasha moto, pumzi imekaa vizuri, sauti umeinyamazisha, halafu unasimamishwa kutazama michongoma! Akamlalamikia Momanyi. Momanyi akakuna kichwa. "Sasa unataka nimwambie nini? 'Baba, usipite njiani, mke wangu anakimbia na kaptula yangu?' Yaya, hapana! Hilo mimi sitalisema." Na ni kweli, lisingesemeka. Mzee asingeweza kuongea na mkaza mwana juu ya mapaja yake, na mwana asingeweza kuongea na baba juu ya mapaja ya mkewe. Kila mtu alikaa na lake moyoni.

Bosibori akapata dawa yake mwenyewe. Akifika juu kanisani, anatazama saa, anatoa dakika mbili. Kumi na saba, toa mbili za mzee, kumi na tano. Kumi na sita, toa mbili za mzee, kumi na nne. Hesabu ilikuwa safi na haikumdhulumu mtu. Akaizoea.

Ikaja Pasaka na mvua kubwa. Baada ya Pasaka hakungoja tena kikohozi. Akiikaribia kona tu, mkono unaenda kwenye leso. Kwa nini angoje mpaka mzee amkute amekaa uchi uchi katikati ya njia? Ni adabu kuwahi. Anatoka njiani, anajifunga, anatazama ua, damu inagonga masikioni du-du-du mpaka haisikiki kitu kingine vizuri. Hatua zikija, anaziacha zipite. Zikichelewa, anazingoja. Asubuhi nyingine hazikuja kabisa, naye akahesabu mpaka mia moja ndipo akaondoka, maana nani ajuaye, huenda mzee amechelewa kidogo tu. Kugeuka kutazama? Unamgeukiaje baba mkwe? Na tusifichane: mbavu zilishukuru. Sauti ile ya upole, tangu Pasaka, ilikuwa hata haimsumbui tena akipanda nusu ya kwanza. Alidhani ameishinda.

Mei akafika kumi na nne na nusu, toa mbili. Julai akafika kumi na nne kamili. Toa mbili za mzee, kumi na mbili! Alipiga kigelegele peke yake mbele ya kanisa, mlinzi akatoka kuuliza kama kuna harusi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Uwanja wa Kisii ulikuwa umejaa matope kandokando, na waliokuja walikuwa wanawake ishirini na wanane. Wakapimwa urefu, wakaangaliwa meno, vyeti vikasomwa. Aliyewasimamia mbioni alikuwa Sajini Amolo, mwanamke mrefu wa kutoka pande za ziwani, mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Mizunguko sita!" alisema. "Watano wa kwanza, kazi. Waliobaki, asanteni kwa kuja. Msisukumane, msivutane nguo, na yeyote atakayekaa chini asiniambie ameona kizunguzungu. Nimewaona wengi wenye kizunguzungu."

Filimbi ikalia. Bosibori hakuruka nao mbele. Januari aliruka mbele akaunguza pumzi yote katika mzunguko mmoja, ujinga huo hakutaka kuurudia. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa kumi na tano, wa pili akawa wa tisa, wa tatu akawa wa sita. Uwanja ni tambarare, mama! Aliyezoea mlima wa Manga anauona uwanja kama kitanda. Mzunguko wa nne ulipoanza alikuwa wa nne, na furaha ilimpanda mpaka kooni.

Ndipo sauti ilipokuja. Upole ule ule. Mama Nyangate, umechoka, si upumzike kidogo?

"Nyamaza!" akasema kwa nguvu.

"Mimi sijasema kitu!" akajibu msichana aliyekuwa ubavuni mwake, akihema, macho yamemtoka.

Miguu ikaanza kuwa mizito. Mbavu zikabana, upande wa kushoto, pale pale pa siku zote. Alikuwa amekimbia muda gani? Dakika saba? Nane? Akainua macho, akaona mbele, kwenye kona ya mbali ya uwanja, mzee mwenye koti jeusi na kofia, ameshika mti mkononi, anakuja polepole ukingoni mwa njia ya kukimbilia. Mzee akakohoa.

Miguu ya Bosibori ikatoka njiani. Hakuiambia itoke, ilitoka yenyewe. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta leso, leso haikuwapo, akalivuta shati lishuke, akageuka, akatazama seng'enge ya uwanja, macho chini. Nyuma yake akasikia raba zikipita, pa-pa-pa, mtu wa tano, mtu wa sita, wa saba. Watu ukingoni wakapiga kelele. Wengine walidhani ameumia. Mmoja akapaza sauti kwa Ekegusii, "Kimbia wewe, unaabudu nini hapo?" Naye amesimama tu.

Sajini Amolo alikata uwanja mbio, filimbi inamning'inia shingoni.

"Wewe mama! Umeumia?"

"Hapana."

"Unaangalia nini sasa kwenye seng'enge?"

"Baba mkwe wangu anapita."

"Baba mkwe gani?" Amolo akageuka huku na huku. "Huyu? Ati huyu? Huyu ni Mzee Oyoo, mfagiaji wa uwanja! Ni mtu wa kwetu kabisa ziwani, wanawe wote wameoa huko huko. Amekuwa mkwe wako lini?"

Bosibori akageuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miezi mingi kugeuka. Akamwona mzee mrefu, mweusi, mgeni kabisa, ameshika reki, amesimama kwa wasiwasi kama mtu aliyekamatwa.

"Kwani nimefanya nini?" Mzee Oyoo akauliza.

 Bosibori alikuwa amesharudi njiani. Alikimbia mizunguko miwili iliyobaki kwa hasira tupu, meno yameuma meno, na hiyo sauti ya upole hata kama ilisema kitu hakuisikia. Akawachukua mmoja mmoja. Wa kumi na nne, wa kumi, wa nane. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa sita, na wa tano alikuwa msichana mfupi wa kutoka Nyacheki, shingo imelala upande, amekwisha kabisa. Bosibori akafika begani pake. Hapo hapo mstari wa mwisho ukafika.

"Sita," Sajini Amolo akasema akiandika, kisha akainua macho. "Mama, mizunguko miwili ya mwisho hakuna aliyekimbia kama wewe. Hakuna. Sijui ulikuwa na nini pale konani. Sisi tutarudi Januari."

"Januari mimi sina," Bosibori akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Jioni Momanyi alikuwa amempikia. Mwanamume wa Kisii, mwalimu, na moshi umemwingia machoni, amepika! Hilo ndilo lililomuumiza Bosibori zaidi. Hakuweza kula. Alizunguka nyumbani, akafungua mlango, akafunga mlango, akamfunika Nyangate aliyekuwa amefunikwa.

"Ni baba yako," alisema mwishowe.

"Baba yangu amefanya nini?"

"Amenizoesha kusimama! Miezi saba! Kila asubuhi ananisimamisha konani, kila asubuhi, mpaka miguu yangu imejifunza. Nimeona mzee na koti, nikasimama. Ningekuwa wa tatu, Momanyi! Wa tatu! Baba yako ameninyang'anya kazi, na anajua, anapita pale makusudi, njia zote za Manga anaipenda hiyo moja tu."

 Mtu mpole akikasirika si jambo la kuchezea, kwa sababu hana mazoezi, hajui aishie wapi. Akaisukuma sahani.

"Kesho nitakwenda kwake kabla hajashuka," alisema. "Nitamwambia. Potelea mbali hiyo aibu. Njia si yake peke yake."

Bosibori angeweza kumzuia. Hakumzuia. Alijisikia vizuri, tuseme ukweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima.

Asubuhi Momanyi akanyoa ndevu, akavaa koti la shule, akapanda mlima. Bosibori alibaki na nyumba. Akafagia. Akafagia tena. Kazi hakuna, mbio zimepigwa marufuku, lakini jua lilipokaribia kutoka miguu ilimwasha mpaka akaona atapasuka. Akamkimbiza mtoto kwa Drusilla, akavaa kaptula na leso, akashuka darajani. Saa hakuwa nayo, Momanyi alikuwa ameivaa. Akapanda hivyo hivyo, akilia na kukimbia, akijiambia ni mara ya mwisho, akijiambia mzee atajua leo.

Alipofika konani mkono ulikuwa kwenye leso, uso uko kwenye michongoma. Alipojigundua alitamani kujipiga kofi. Hata leo! Hata leo, baada ya yote! Nyuma yake, juu ya njia, hatua zikaanza kusikika zikishuka. Kikohozi kikafuata. Kumbe Momanyi hajamkuta, mzee ameshatoka, anakuja kama kawaida yake.

Basi nitamgeukia, Bosibori akasema moyoni. Chinsoni au si chinsoni. Nitamwambia usoni.

Akageuka.

Aliyekuwa mbele yake ni Makori, mchukuzi wa maziwa, na gambuti zake na sigara yake mdomoni, kopo la maziwa begani. Mkono wake mmoja ulikuwa umekandamiza mfuniko wa kopo usilie.

"Eh!" Makori akashtuka. "Leo huombi?"

"Siombi nini?"

"Si huwa unaomba hapa? Kila siku nikipita nakukuta umeinamia ua. Nikasema nyinyi watu wa Sabato mna bidii, mwingine angengoja kanisani. Ndiyo maana hushika huu mfuniko, nisikuvurugie." Akaona uso wake umebadilika. "Mama, kuna nini?"

"Na Mzee Machogu? Mzee anapita hapa saa ngapi?"

"Mzee gani? Mzee Machogu hajapita hapa tangu Pasaka! Anashukia kule nyuma, njia ya mtoni, kule kwenye utelezi. Mimi nilimuuliza, mzee, na goti lako hilo utavunjika huko, kwa nini? Akaniambia kuna mtu anaihitaji hii njia asubuhi." Makori akavuta sigara. "Sikumuuliza ni nani. Nilidhani unajua kwamba ameihama."

Bosibori alisimama pale, na kila kitu ndani yake kikasimama. Tangu Pasaka. Aprili, Mei, Juni, Julai. Alikuwa amempisha mchukuzi wa maziwa. Kuna siku alikuwa amepisha upepo. Akahesabu mpaka mia moja kwa ajili ya upepo! Ile sauti aliyodhani ameishinda haikuwa imeshindwa hata kidogo, ilikuwa imevaa koti la mzee na kupewa jina la adabu, naye mwenyewe akaitengea dakika mbili kila siku, akazitoa kwenye hesabu ili zisionekane. 

Kisha akamkumbuka Momanyi.

"Umempita mwalimu njiani?"

"Nimempita karibu na kanisa, bado anazungukazunguka, amevimba kama..."

Hakusikia mwisho wake. Momanyi alikuwa anakwenda kumwambia baba yake, mbele ya uso wake, kwamba amemharibia mke kazi. Mzee wa watu, na goti lake, anayeshuka kwenye utelezi kila siku ya Mungu bila kumwambia mtu! Neno kama hilo likishatoka kinywani mwa mwana halirudi. Leso ilikuwa imenasa kwenye michongoma. Akaivuta mara moja, ikakataa, akaiacha. Akakimbia.

Kutoka konani kwenda juu ndiyo sehemu mbaya, nimekwisha kusema. Alikuwa hajawahi kuipanda bila kupumzika kwanza. Sauti ilimjia kabla hajapita hata migomba mitatu, na safari hii haikuwa na upole. Utakufa, ilisema. Simama. Hakuijibu. Hakuwa na pumzi ya kuijibu, wala nafasi. Kichwani mwake mlikuwa na Momanyi tu anafungua mdomo. Mbavu zikabana, akaziacha zibane. Miguu ikawa si yake, akaendelea nayo hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wakichuma chai waliinua vichwa wakamwona mke wa mwalimu akipaa mlimani na kaptula, bila leso, bila haya. Akalipita kanisa. Akaingia kwenye boma la mkwewe, mahali ambapo siku zote huingia kwa hatua ndogo ndogo na kichwa kimefunikwa.

Mzee Machogu alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, fimbo mkononi, suruali ameikunja mpaka magotini, tayari kwa njia ya mtoni. Goti moja lilikuwa limevimba, limefungwa kitambaa. Momanyi alikuwa mbele yake, kifua mbele.

"Baba," alikuwa anasema, "nina neno, na utanisamehe, lakini wewe..."

"Momanyi, nyamaza!"

Wote wawili wakageuka. Mama mkwe akachungulia mlangoni, akashika mdomo. Bosibori alisimama katikati ya boma, mikono magotini, jasho linadondoka mchangani, na hakutafuta ua wa kutazama.

"Ni mimi, Baba," alisema, akivuta pumzi katika kila neno. "Jana nilikosa kazi, na nilimwambia Momanyi ni wewe uliyenikosesha. Si wewe. Nilikuwa nasimama mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa anapita, nilisimama mwenyewe."

Mzee alikuwa amekwisha kugeuza uso. Haraka, kama inavyompasa, akaliangalia ghala la mahindi, akampa mkaza mwana wake mgongo. Momanyi alitazama baba yake, akatazama lile goti, akatazama mkewe, na hasira yote ikamtoka, akabaki na koti la shule tu.  Kuku walipita kati yao.

Halafu Mzee Machogu akakohoa, akasema na mwanawe, macho bado yako kwenye ghala:

"Muulize mke wako, kutoka pale konani mpaka hapa, leo amesimama mara ngapi?"

Momanyi akafungua mdomo amuulize, lakini Bosibori hakumngoja.

"Hata mara moja, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Akainama, akaanza kuikunjua suruali yake, mguu mmoja, kisha mwingine, mpaka ikafika chini.

"Basi mwambie," alimwambia Momanyi, "mimi kesho narudi njia yangu. Nikikohoa, asisimame. Na wewe umwachie hiyo saa mpaka Januari."